Sockalexis na jina la Cleveland: wanaokana nao wamezidisha

Kabla klabu ya besiboli ya Cleveland haijawa Guardians, baada ya msimu wa 2021, ilieleza kwa miaka mingi kwamba jina Indians (Wahindi Wekundu) lilichaguliwa na mashabiki mwaka 1915, kwa shindano la gazeti, ili kumuenzi Louis Sockalexis, mchezaji wa zamani wa Cleveland, Mpenobscot, yaani mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani, kutoka Maine. Siku hizi hadithi hiyo inatupwa nzima: Sockalexis, wanasema, alipachikwa baadaye.

Kuhusu shindano wana haki. Halikuwapo. Nap Lajoie, mchezaji nyota ambaye timu iliitwa Naps kwa jina lake, alikuwa ameondoka kwenda Philadelphia, na mwenye timu, Charles Somers, akawaachia waandishi wa michezo watafute jina. Inasemekana pia waliiga Boston Braves, timu nyingine yenye jina la kuwahusu wenyeji asilia, waliokuwa mkiani Julai 1914 wakaishia kuwa mabingwa. Kwa timu iliyopoteza mechi 102 mwaka huohuo, kishawishi hicho kinaeleweka.

Ila kuiga Braves hakumwondoi Sockalexis. Tarehe 18 Januari 1915, gazeti la Plain Dealer liliandika kuwa jina hilo linafufua kumbukumbu ya mchezaji mmoja hodari, marehemu, wa jamii ya Abenaki. Na lilimtaja kwa jina: Sockalexis. Sockalexis alifariki Desemba 1913, na Wapenobscot ni tawi la Abenaki. Tena jina lenyewe lilikuwa la zamani. Enzi hizo lakabu zilitungwa na wanahabari kupata vichwa vya habari, na klabu moja iliweza kuwa na mbili au tatu kwa msimu mmoja. Cleveland ya 1897 ilijulikana kama Spiders, lakini Sockalexis alipojiunga, magazeti yakaanza kuiita Indians. Waandishi wa 1915 walirudisha lakabu ya magazeti yao wenyewe.

Alichofanya kustahili hayo ni mechi 66. Katika msimu huo wa 1897 wastani wake wa kupiga ulikuwa .338, yaani zaidi ya pigo moja safi katika kila majaribio matatu. Kisha jeraha la mguu na pombe vikammaliza. Mechi zake zote katika ligi kuu, kwa misimu mitatu, ni 94. Neno linalogoma ni "kumuenzi". Lakabu ya 1897 ilizaliwa viwanjani ambako watazamaji walimpigia mayowe ya kuigiza vita vya Wahindi Wekundu kila aliposhika gongo. Na wateuzi wa 1915 hawakukusudia ukumbusho wa kudumu: magazeti yalitangaza kuwa jina ni la muda, mpaka timu icheze na kujipatia linaloifaa zaidi.