Dawa mpya ya moyo ikifika Kigoma, ya zamani iondoke nyumbani

Huku kwetu mgonjwa wa moyo uliochoka kusukuma damu akishazidiwa, safari yake inajulikana: hospitali ya Maweni, halafu rufaa, halafu Bugando kule Mwanza au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar. Siku hizi baadhi yao wanarudi na dawa ambayo jina lake linawashinda watu wote nyumbani kulitamka, sakubitrili/valsartani. Boksi likiisha, ndugu aliyeko Dar ananunua jingine na kulipandisha basi. Dawa inafika salama. Maelezo yamebaki kwenye kaunta ya famasi.

Dawa yenyewe naiunga mkono. Kinachonikera ni namna tunavyokabidhiwa.

Ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili. Valsartani ni ya ukoo mmoja na losatani wanayoijua wagonjwa wa presha. Inazuia homoni inayobana mishipa na kuufanya mwili ung'ang'anie chumvi na maji. Sakubitrili inapitia mlango mwingine. Moyo ukielemewa hutoa homoni zake za kulegeza mishipa na kutoa maji kwa njia ya mkojo, ila mwili una kimeng'enya kiitwacho neprilisini kinachozivunja mapema. Sakubitrili inakizuia, na homoni hizo zinadumu.

Utafiti uliofanya dawa hii ijulikane, PARADIGM-HF wa mwaka 2014, ulihusisha wagonjwa zaidi ya 8,000 na kuilinganisha na enalaprili, dawa ya zamani ya moyo na presha. Katika muda wa kama miaka miwili na miezi mitatu, kati ya kila wagonjwa 100 wa enalaprili, karibu 27 walifariki kwa sababu za moyo na mishipa au walilazwa kwa kuzidiwa na moyo. Wa dawa mpya walikuwa karibu 22. Tofauti hiyo si ndogo, wala si muujiza, na familia inayouza mbuzi ili kununua boksi la mwezi ina haki ya kuambiwa hivyo hivyo, kwa hesabu.

Sasa twende Ujiji. Shangazi yangu anatunza dawa zake kwenye kopo la maziwa ya unga. Boksi jipya lilipofika, binti yake alilimwaga kopo mkekani: vidonge vya kutoa maji, losatani za enzi za presha, na karatasi mbili za enalaprili hazijaguswa.

"Mama, hizi za zamani unaendelea nazo?"

"Sasa nizitupe, mwanangu? Si zilinunuliwa kwa hela?"

Shangazi hakukosea kuwaza hivyo. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Lakini enalaprili na dawa hii hazikai mwili mmoja. Zote mbili zinazuia kuvunjwa kwa kemikali ya mwilini iitwayo bradikinini, na ikilundikana, midomo, ulimi na koo vinaweza kuvimba hadi hewa ikakosa pa kupita. Kaptoprili na lisinoprili, za ukoo wa enalaprili, ni hivyo hivyo. Hatari hiyo imeonekana zaidi kwa watu weusi, yaani sisi. Na nyumba iliyozoea kuona miguu ya mgonjwa ikivimba inaweza kuuona mdomo uliovimba ikasema ni yale yale. Siyo. Huo ni wa kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo, na aliyewahi kupata uvimbe wa namna hiyo kwa enalaprili hapaswi kupewa dawa hii kabisa.

Kutoka enalaprili kwenda dawa hii zinatakiwa zipite saa 36. Kidonge cha mwisho cha enalaprili kikimezwa leo saa 1 asubuhi, cha kwanza cha dawa mpya ni kesho saa 1 jioni, si kabla. Aliyekuwa kwenye losatani hahitaji kusubiri hivyo, ila anaiacha, maana valsartani imeshachukua nafasi yake.

Kwa hiyo nasema: anayetoa dawa hii aulize nyumbani kuna dawa gani, kisha achukue kalamu ya wino mzito aandike juu ya boksi, ACHA ENALAPRILI. Ni kazi ya nusu dakika. Ndugu anayetuma kwa basi naye aombe iandikwe.

Namba za kwenye boksi nazo zinachanganya. Lililoandikwa 49/51 na lililoandikwa 100 ni kipimo kile kile, hujapunjwa. Humezwa asubuhi na jioni, na wanaomeza mara moja ili boksi lidumu miezi miwili wanajipunguzia tiba. Kizunguzungu ukisimama ni presha kushuka; mwambie daktari. Figo na potasiamu zipimwe, na usinunue "chumvi ya wagonjwa" bila kuuliza, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. (Ya Uvinza nayo ipunguzwe, pamoja na dagaa waliokolea chumvi. Najua ninamwambia nani.) Mjamzito haitumii, inadhuru mtoto tumboni.

Kuna jambo jingine linalosahaulika kuliko yote. Boksi likiisha na hela haipo, daktari akakurudisha kwenye enalaprili, zile saa 36 zinahesabiwa tena kabla ya kidonge cha kwanza.