Viazi vya Molo vilipe sesi mara ngapi?

Juzi hapa Molo dereva wa lori ya viazi alinionyesha risiti za safari yake ya Busia, amezifunga na rababendi, ya kwanza ni sesi, ile ada kaunti inatoza mazao, alilipa akipakia, zingine zote ni za vizuizi vya njiani, na kila kizuizi askari wa kaunti anamwambia hiyo ni ya kule bana, huku ni kwetu. Watu wanalaumu ugatuzi. Mi naona ni nusu ukweli.

Kenya si shirikisho kama Ethiopia, lakini katiba ya 2010 kwa Jedwali la Nne iligawa hii kazi ya kusimamia biashara: serikali kuu ikabaki na biashara ya nje, viwango na kulinda mnunuzi, kaunti 47 zikapewa masoko na leseni za biashara. Halafu Kifungu cha 209 kinaruhusu kaunti kutoza ada ya huduma, ila isitoze kwa njia inazuia bidhaa kutoka kaunti moja hadi nyingine. Sasa huyo askari wa kizuizi amempa dereva huduma gani?

Lakini usikimbilie kusema Nairobi ichukue yote. Pale soko la Kibuye, Kisumu, nani akae wapi, taka itolewe saa ngapi, mama wa omena alipe ngapi kwa siku, hayo bunge la kitaifa halijui na sioni litajulia wapi. Na sukari je? Vibali vya kuagiza kutoka nje viko kwa serikali kuu, mkulima wa miwa Kakamega akilia gavana wake hana sheria ya kugusa hapo.

Lumbesa, hili gunia linajazwa kupita kipimo, ndiyo inanichanganya. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, na ilifaa iwe ya nchi nzima, juu kaunti moja ikikaza peke yake broka anahamia tu jirani kununua gunia la kofia. Lakini sheria ya juu bila kanjo, askari wa kaunti, wa kuishika huku chini ni karatasi, wakulima wa Kuresoi watakuambia.

Kwa hivyo mi ningesema sesi ilipwe mara moja pale unapakia, basi. Busia haipotezi yote, mzigo ukishuka sokoni ada yake ipo. Ila hii kaunti ya kupitwa tu, haijapanda kiazi hata kimoja na hakuna gunia linashuka kwake, sijui inadai nini.