Osage Avenue: waliolalamikia kelele wakapoteza nyumba

Ukitaja MOVE, kundi ambalo polisi wa Philadelphia, Marekani, waliliangushia bomu mwaka 1985, mbele ya watu wanaolijua jiji hilo, mabishano huanza papo hapo. Kuna wanaosema polisi waliua familia, na kuna wanaosema kundi lile lilijitakia. Mimi huanza na majirani.

MOVE lilikuwa kundi la Weusi lililoanzishwa na John Africa mwaka 1972. Mwaka 1978 mapambano na polisi kwenye makazi yao ya awali yalimuua askari mmoja, na wanachama tisa wakahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 100. Wenzao wakaja kukaa nyumba namba 6221, Osage Avenue, mtaa wa Weusi wenye kazi zao, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta. Wakafunga vipaza sauti, matusi yakawa usiku na mchana, wakidai wale tisa waachiwe. Juu ya paa wakajenga kibanda cha kujihami. Majirani wakaenda kulalamika kwa meya, Wilson Goode, Mweusi wa kwanza kushika kiti hicho. Walikuwa na haki, na wanaoitetea MOVE hupita hapo harakaharaka.

Tatizo ni kilichofanywa kwa jina la malalamiko hayo. Wakazi waliambiwa waondoke kwa siku moja tu. Mei 13, 1985 polisi walifyatua risasi zaidi ya 10,000 kwa dakika 90, wakijua ndani mna watoto. Hoja yao ni kwamba walikuwa na hati za kukamata na kwamba walipigwa risasi. Sawa, tuikubali. Lakini jioni helikopta ikaangusha bomu juu ya paa, na moto ulipowaka wakubwa wakaamua uachwe kwanza uteketeze kile kibanda. Magari ya zimamoto yalikuwa palepale! Hapo hakuna sheria ya kukamata mtu inayoweza kukusaidia kujieleza.

Walikufa watu 11, watano wakiwa watoto. Nyumba 61 ziliungua na watu wapatao 250 wakabaki bila makazi. Tume iliyoundwa na Goode mwenyewe ilikilaani kitendo cha kuangusha bomu, ila hakuna kiongozi wala askari aliyeshtakiwa. Aliyefungwa ni Ramona Africa, mtu mzima pekee aliyetoka hai humo ndani: miaka saba. Goode naye akachaguliwa tena mwaka 1987, jambo linalonionyesha kwamba ngozi ya meya haikuwa ulinzi kwa mtu yeyote siku ile.

Baraza la jiji liliomba radhi mwaka 2020. Mwaka uliofuata ikajulikana kuwa mifupa ya waliokufa ilikuwa imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu, kama vielelezo vya kufundishia.

Na wale majirani? Jiji liliwajengea nyumba mpya, zikawa mbovu kiasi kwamba mwaka 2000 jiji hilohilo likajitolea kuzinunua ili wahame. Waliokataa kuhama walikwenda mahakamani.