Juni ile kulikuwa na mabunge mengine 47

Juni 2024 hatutaisahau. Vijana wa Kenya waliusoma Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za mama, wakaueleza kwa video fupi hata muuza mboga akajua mkate utapanda kwa nini. Tarehe 25 tukajaa barabarani. Wapo walioaga nyumbani asubuhi ile na hawakurudi, Mungu awarehemu. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Tangu nizaliwe sijaona serikali ikirudi nyuma namna ile kwa sababu ya watu wa rika langu.

Lakini Juni hiyo hiyo mabunge 47 ya kaunti yalikuwa yakipitisha bajeti zake, maana mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Humo ndimo mna zahanati zetu, masoko yetu, chekechea za wadogo zetu na taa za mitaani. Mimi sikusoma hata ukurasa mmoja wa bajeti ya kaunti yangu, na sikumjua rafiki yeyote aliyeusoma.

Mwaka uliofuata nikaamua kwenda. Tangazo la kikao cha maoni ya wananchi nililiona kwa bahati tu, limebandikwa mlangoni pa ofisi moja mtaani, kona moja imeshabanduka. Ukumbini palikuwa na wazee kama thelathini, akina mama wachache wa chama cha akiba, viti vya plastiki na kreti mbili za soda. Kijana nilikuwa peke yangu. Tukagawiwa karatasi, na katikati ya orodha nikaona: ukarabati wa uwanja wa michezo. Uwanja huo naujua. Mvua ikinyesha, maji hutuama goli la upande wa barabara kwa wiki nzima, na watoto huchezea nusu iliyobaki. Nikamnong'oneza mzee aliyekaa kando yangu, nikamuuliza kama mradi huo ni mpya.

"Huo umo humu kila mwaka, mwanangu," akaniambia. "Nyinyi huwa wapi?"

Nilikosa la kumjibu.

Sasa uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 uko njiani, na mjadala wote ni wa kiti kimoja. Wantam (Rais Ruto akae muhula mmoja tu), Tutam (aongezewe wa pili), ndiyo nyimbo za matatu na za mitandaoni. Sina neno na hilo, kila mtu ana haki ya kumtaka au kumkataa rais. Ila siku hiyo kila mmoja wetu atapewa karatasi sita, na ile ya mwakilishi wadi, anayeketi katika bunge la kaunti na kupitisha bajeti yake, tunaipigia kura kama anayefukuza nzi: nani alitoa jezi, nani alituchangia matanga, nani katoka upande wetu.

Kenya ina wadi 1,450. Kuna wadi ambazo mshindi hupita kwa kura mia chache tu. Hesabu vijana wa timu yako ya mpira, wa kituo cha bodaboda, wa kwaya na wa madrasa, uone kama hawafiki hapo. Na wanaodhani kiti ni cha wenye pesa pekee, mwaka 2017 John Paul Mwirigi, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 23, aliingia bungeni kutoka Igembe Kusini akiwa mgombea huru, baada ya kuomba kura kwa miguu. Mwaka 2022 Bomet ikamchagua Linet Chepkorir kuwa mwakilishi wa kike akiwa na miaka 24.

Kinachonitia hofu ni daftari la wapiga kura. Mwaka 2022 waliojiandikisha walikuwa milioni 22.1, na sisi wa miaka 18 hadi 35 hatukufika asilimia 40 yao. Kati ya wote walioandikishwa, zaidi ya milioni 7 hawakupiga kura, na urais uliamuliwa kwa tofauti ya kura kama 233,000. Kitambulisho kikikaa droo na jina halimo daftarini, mabango yetu yote hayahesabiwi usiku wa matokeo. Wanasiasa wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana kijana hutafutwa wa kujaza lori la mkutano na wa kurusha mawe, kwa mia mbili, na hatafutwi wa kusoma bajeti.

Nawaomba wenzangu tusisubiri Agosti. Timu yetu tumeshakubaliana: kila mchezaji aliyefika miaka 18 aje mazoezini na namba yake ya usajili, na kikao kijacho cha bajeti tutakwenda sote, wachezaji na kocha. Nimemwomba yule mzee atuwekee viti vya mbele. Swali la kwanza litakuwa la maji pale golini.