Paka mwenye lukemia: kumfungia ndani ni huruma au ni ukatili?

Tangu kipimo cha damu kioneshe kwamba paka wetu ana virusi vya lukemia, yaani saratani ya damu, nyumbani kwetu Magomeni pamekuwa na kauli mbili. Moja inasema achomwe sindano apumzike, kwa kuwa ugonjwa hauna tiba na paka wengi ambao virusi vimekwisha kukita mwilini hufa ndani ya miaka mitatu hivi. Nyingine inasema aachwe aishi. Mimi nipo upande huu wa pili, ingawa nakiri kwamba wenzangu hawasemi kwa chuki.

Kwanza kipimo kirudiwe. Wapo paka ambao miili yao huvidhibiti virusi hivi vikatoweka kwenye damu baada ya wiki kadhaa, hivyo kumuua mnyama anayekula na kucheza kwa majibu ya siku moja ni pupa. Wetu alirudiwa, majibu yakawa yale yale.

Hofu ya kwamba watoto wataambukizwa haina msingi, kwani virusi hivi, vilivyogunduliwa Scotland mwaka 1964, havimpati binadamu wala mbwa. Hupita kutoka paka hadi paka, hasa kwa mate, wanapolambana, wanapokula bakuli moja au kung'atana. Aliye hatarini ni paka wa jirani, na hapo hoja ya kumchoma sindano ina uzito wa kweli: nyumba zetu za kupanga zina ua mmoja na korido iliyo wazi mchana kutwa, na mtu akipara samaki uani, paka wa mtaa mzima hukusanyika. Chanjo ipo, lakini humkinga aliye mzima tu.

Basi tumemfungia ndani. Bibi mmoja jirani alinikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, nami nimeitafakari sana. Yule mwanamke alimfungia paka bila kumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa lake halikuwa mlango peke yake. Anayefunga mlango anabeba dhima ya kila kitu alichokuwa akikipata paka huko nje, yaani chakula, tena kilichopikwa, kwa sababu nyama mbichi ina vijidudu ambavyo mwili uliodhoofika hauvimudu, maji, mchanga safi wa kujisaidia, na mtu wa kucheza naye. Amhasi pia, na daktari wa mifugo amwone kila baada ya miezi sita. Asiyeweza hayo asijidanganye kwamba anamhurumia.

Kila asubuhi humfunua mdomo nikatazama ufizi, maana virusi hivi huweza kuharibu uboho unaotengeneza damu, na damu ikipungua ufizi hupauka. Ufizi ukiwa wa waridi, namwekea dagaa wake wa kuchemsha. Siku utakapokuwa mweupe kama chokaa, akakataa hata mchuzi wa samaki na kuanza kuhema kwa tabu, nitampigia daktari mwenyewe na kuomba ile sindano.