Lanercost si magofu matupu

Makala moja niliyoisoma imeieleza Lanercost, iliyokuwa monasteri ya makanoni (mapadre walioishi pamoja kijumuiya) wa Mtakatifu Augustino kaskazini mwa Uingereza, kana kwamba ni magofu tu. Sehemu ya magharibi ya kanisa bado ina paa na waumini wa Kianglikana husali humo. Iliyobaki wazi ni ile ya mashariki, ilikokuwa altare kuu. Ua wa makanoni ulikuwa kusini mwa kanisa, na chini ya kilichokuwa chumba chao cha kulia chakula bado ipo ghala yenye dari ya matao ya mawe. Mengi ya mawe ya majengo hayo, jambo ambalo makala imelipita, yalitolewa kwenye Ukuta wa Hadrian, boma la kale la Warumi lililo karibu, na baadhi yana maandishi ya Kirumi hadi leo. Kuhusu ugeni wa mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, aliyefika mwaka 1306 akiwa mgonjwa na kukaa hadi 1307, sikubaliani na mwandishi anayeuita neema, kwani kulisha msafara wa kifalme kwa miezi kadhaa kuliielemea monasteri ambayo Waskoti walikwisha kuishambulia mwaka 1296.