Namba Tasa Yenye Watoto Mia na Moja

Msimu wa korosho ulipokwisha, kikundi chetu cha wakulima kule Newala kilikutana chini ya mkorosho, na katibu akatangaza kwamba tulikatwa fedha zaidi kwa ajili ya magunia, hivyo shilingi 1,000,001 zingerudishwa kwa wanachama wote kwa usawa. Maneno yangeishia hapo tukanywa chai, lakini mimi, mwalimu wa hisabati ambaye hakuna aliyemwuliza kitu, nikanyoosha mkono.

Nikatamka kwamba fedha hizo hazigawanyiki, kwa sababu 1,000,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Inaishia na 1, kwa hiyo 2 na 5 haziingii. Jumla ya tarakimu zake ni 2, kwa hiyo 3 nayo haiingii. Kuhusu 7, 11 na 13 nilijigamba zaidi: zikizidishwa pamoja hutoa 1,001, basi unakata namba vipande vya tarakimu tatutatu kuanzia kulia, unatoa na kujumlisha kwa zamu, na hapa 1 − 0 + 1 ni 2, yaani zote tatu huacha baki ya 2. Kisha nikachukua kijiti, nikaendelea kugawanya mchangani hadi 97. Kanuni inataka ujaribu namba tasa zote hadi 1,000, nazo ni 168, ila zile 25 zilizo chini ya 100 ndizo ninazozijua kwa kichwa, na jua lilikuwa kali.

Nikapendekeza kila mwanachama apewe 9,900, na salio la shilingi 101, ambalo halinunui hata andazi, abaki nalo katibu.

Bibi mmoja aliyekaa mbele, akichambua korosho kwenye ungo bila kuinua macho, akauliza, “Mwalimu, umesema zinabaki ngapi?”

“Mia moja na moja, bibi.”

“Na sisi tuko wangapi?”

Katibu akafungua daftari la mahudhurio, akahesabu kwa kidole, akanitazama kwa huruma. Tulikuwa 101. Bibi akafungua pindo la khanga yake, akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne: alikuwa amekatwa 9,901, kama kila mmoja wetu, na kama mimi pia, ambaye stakabadhi yangu ilikuwa mfukoni muda wote ule.

“Tasa gani hii, mjukuu wangu,” akasema, “yenye watoto mia na moja?”

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti kwamba nilitaka kuwafanyia kangomba ya hesabu, kama walanguzi wanaowapunja wakulima wa korosho, na mkutano ukavurugika kwa vicheko.

Usiku huo niligundua kwamba ningeikata namba ileile tarakimu mbilimbili, 1, 00, 00 na 01, ningepata sifuri papo hapo, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha 101. Nayo 101, kwa faida ya wanaopenda kunicheka, ndiyo namba tasa inayofuata mara tu baada ya 97.